Ndege Ndani ya Ndege

Mke wangu anajua habari za kila uwanja wa ndege duniani, lakini gari likikata kona mbili tu, anatapika. Nimeona nianze na hapo kwa sababu watu wengine hupenda kuanza na sauti yake. Sauti yake ni nzuri, sikatai, ila mimi nilioa mtu, sikuoa redio.

Ni mtangazaji. Kila asubuhi baada ya taarifa ya habari anasoma kipindi kifupi cha vituko vya safari kutoka pande zote za dunia, na kwa ajili ya kipindi hicho mtaa mzima unamwita Vioja. Nami namwita hivyo hivyo. Jina lake la kuzaliwa nalitumia nikiwa nimekasirika, na yeye analijua hilo, kwa hiyo akilisikia tu anaanza kujitetea kabla sijasema kosa.

Atakusimulia bwana harusi aliyepanda treni isiyo yake, akajikuta mpakani, akaozeshwa kwa simu huku mkata tiketi amesimama kando yake kama msimamizi. Atakusimulia abiria aliyekataa kulipia mzigo, akavaa mashati yake yote kwa pamoja, moja juu ya jingine, akakwama kitini mpaka ikabidi akatwe kwa mkasi. Hiyo iliniuma sana mimi fundi cherehani. Unakata mashati mazima, yana makosa gani? Na ipo ile ya kasuku wa hotelini aliyejifunza kusema "vyumba vimejaa," akawafukuza wageni wote huku mwenye hoteli amekaa jikoni akijiuliza kwa nini biashara imelala.

Hivyo vioja anavitafuta nyumbani, simu mkono mmoja na mwiko mkono wa pili, na ndiyo maana mboga zetu huungua. Akipata kizuri hana subira. Anakuja mbio mpaka kwenye kibanda changu na kandambili za kuogea, "Fundi! Fundi, acha hiyo suruali, usikie!" Mimi nina pini mdomoni siwezi hata kumjibu, na mteja amesimama mguu mmoja anapimwa. Anasimulia kwa mikono, kwa macho, kwa mabega. Akimaliza, mteja amesahau alikuja kushona nini.

Tunaishi na mama yake. Alifundisha Kiswahili maisha yake yote, na ingawa amestaafu kila mtu bado anamwita Mwalimu. Yeye hajali unasema nini, anajali umesemaje. Siku moja niliingia nyumbani nachechemea, nikapiga kelele, "Mama, mbwa imening'ata!" Akaweka miwani sawasawa. "Mbwa imefanya nini?" Damu inachuruzika mpaka kwenye soksi. Nikasema, "Mbwa amening'ata, Mama." Hapo ndipo alipoinuka kwenda kutafuta dawa.

Vioja amerithi ulimi wa mama yake, utaratibu wake hakuurithi. Akiwa ametulia husema vizuri kabisa. Akichangamka, kila chenye uhai kinageuka kitu: kuku imetaga, paka imeiba nyama, tembo imezuia basi. Na pale redioni amechangamka kila siku ya Mungu. Mwalimu humsikiliza akiwa chumbani kwake, mlango umefungwa, kisha anapiga simu kituoni. Ukuta wetu ni mwembamba, nasikia yote. "Mwambieni huyo binti yenu kwamba tembo ni kiumbe." Binti yenu! Hasemi binti yangu. Kumsifu, sijawahi kumsikia, na nimekaa naye miaka.

Basi, yakaja ya kuja. Msikilizaji mmoja alipiga simu hewani akauliza kwa upole wote, "Huyo dada anayetusomea habari za safari, yeye mwenyewe amefika wapi?"

Studio ikacheka, mji ukacheka, na jibu lake ni kwamba hakuwa amefika popote. Kazini anakwenda kwa miguu. Tulipooana tulipanda basi kwenda fungate mbali, pwani ya wenzetu huko, tukashuka kituo cha tatu, yeye kijani na mimi nimebeba viatu vyangu mkononi kwa sababu ambazo sitazieleza. Fungate yetu ikaishia nyumba ya wageni iliyo nyuma ya soko letu wenyewe. Tulikuwa tunawasikia wauza nyanya tunaowajua wakigombana.

Mkuu wa kituo hakucheka. Alimwita Vioja ofisini akamwambia kwamba kipindi kimeanza kuonekana cha kubahatisha. Ama asafiri, tena kwa ndege, atangaze moja kwa moja kutoka humo humo ndani, ama nafasi yake wapewe wenye matangazo ya dawa ya meno waliokuwa wanaitaka kwa muda mrefu.

Alikuja kibandani akakaa juu ya lundo la vitambaa vya wateja. "Fundi," akasema, "wakikiondoa kile kipindi, mimi ni nani? Nitaamka asubuhi niwe nani?" Nilipandwa na hasira. Nikamwambia nakwenda sasa hivi kumkata huyo mkuu kola ya shati akiwa amelivaa. Akalia, akacheka, akapenga kamasi kwenye kipande cha poplini ya mtu. Halafu macho yakaanza kumng'aa, na mimi ninayajua yale macho. "Lakini Fundi," akasema, "ndege! Mimi! Nitapanda ndege!" Akaniruka shingoni, mkasi ukaanguka, na tangu hapo nyumba yetu haikukalika.

Nikamshonea gauni lenye mifuko mikubwa, na ndani ya kila mfuko tukatia mifuko mingine ya nailoni, kazi yake mtaielewa. Alifanya mazoezi kwenye kiti cha jikoni, mimi namtikisa kwa nyuma, yeye anatangaza, "Wasikilizaji, tunapita mawinguni!" Mwalimu akapita na kikombe chake cha chai, akatutazama tulivyo. "Mawinguni hamna kona," akasema, akaenda zake. Asubuhi ya safari hakutoka hata kuaga. Alisemea mlangoni, "Usitangaze huku unatafuna."

Kibanda changu hakijawahi kujaa namna ile, hata sikukuu. Redio niliiweka juu ya meza ya kukatia, na tuseme ukweli, ile redio ni kuukuu, ukiisogelea inakwaruza na ukiiacha inakwaruza. Dada wa saluni ya jirani alikuja na mteja wake, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama. Muuza magazeti akaacha magazeti yake peke yake barabarani. Na Mwalimu naye akatokea, amebeba kiti chake mwenyewe, amevaa khanga na amekunja sketi kwapani. Akasema amekuja kuteremsha pindo la sketi. Hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Sauti ikaingia.

"Wasikilizaji wangu, nimo ndani! Nimo ndani, nimekaa dirishani! Mkanda nimeufunga, nimeufungua, nimeufunga tena, hakuna wa kunikataza! Na sijatapika!"

Tukapiga makofi. Dada wa saluni akapiga vigelegele, mteja wake akapiga vigelegele.

"Viti vya huku vina mifuko yake, jamani, kumbe wamenifikiria! Nje naona ndege nyingine kubwa, imeegeshwa karibu yetu kabisa, naona mpaka nati zake. Sasa inaanza kusogea. Inasogea! Na sisi injini zetu zimeanza kuunguruma, nasikia mpaka kwenye meno. Huku nyuma wanamalizia kupakia chakula, halafu... Jamani! Jamani!"

Redio ikakwaruza. Watu wakawa wanapiga mayowe ndani yake, vitu vinaanguka, na katikati ya makelele sauti ya mke wangu: "...meingia! Ndege ...meingia ndani ya ndege! Mama yangu weee..."

Kisha kimya, na kituo kikaweka muziki.

Muziki! Tena wa kuchezeka!

"Zimegongana!" akapiga kelele dada wa saluni. "Ile nyingine imewaingia!" Muuza magazeti akatoka mbio akiitangaza habari kwa mdomo, na kwa sauti aliyozoea kuuzia magazeti. Ndani ya muda mfupi mtaa wote ulikuwa nje, watu wameshika vichwa, wenye baiskeli wameshapanda kuelekea uwanjani. Mimi nilitaka kusimama. Mguu ulikuwa bado unakanyaga cherehani wenyewe, na nilipoangalia nimeshashona mkono wa shati la mteja kwenye suruali ya mteja mwingine.

Mwalimu akaichukua rula yangu ya mbao akapiga meza. Nasema akapiga, chaki zikaruka.

"Kimya! Mmesikia nini?"

"Ndege imeingia ndani ya ndege, Mwalimu!"

"Hamkusikia. Amesema *ameingia*. A! Ndege mwenye mabawa, mdomo na manyoya, ameingia ndani ya ndege ya abiria. Ingekuwa ndege ya chuma angesema imeingia. Yule mtoto nimemfundisha kusema mimi mwenyewe, ninajua alichosema. Ni ndege wa porini huyo. Haya, kila mtu arudi kazini kwake, na wewe dada kammalizie mwenzio kichwa."

Hakuna aliyebisha, angebisha nani? Dada wa saluni akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, "Ndege tu! Jamani, kumbe ni ndege tu!" na neno hilo likashuka mtaani kama lile la kwanza lilivyoshuka, la pili likilifukuza la kwanza, wasiojua habari ipi imetangulia wakiulizana ni ndege yupi na ni ndege ipi. Nikarudiwa na roho. Nilimwamini asilimia mia. Mwalimu hakosei mambo hayo, hayo ndiyo dini yake.

Nikapiga simu ya Vioja. Imezimwa. Nikapiga kituoni, kila mtu mjini alikuwa anapiga kituoni. Mwalimu akasema, "Nitungie uzi kwenye sindano." Nikamtungia. Akakaa kwenye kiti chake akaanza kushona lile pindo kwa mkono, haangalii redio, haangalii barabara. Baadaye nilipoitazama ile sketi nilikuta ameshona mbele na nyuma pamoja, haivaliki. Niliifumua yote bila kumwambia.

Simu ikalia.

"Fundi! Fundi, usikie!"

Nikapiga ukelele nisiouelewa hata mimi. Yeye hakujua lolote, alikuwa na kioja chake na hakupumua. Kunguru! Kunguru aliingia kwa mlango wa nyuma pale wanapopakia chakula, akapita juu ya vichwa vya abiria mpaka mbele, akarudi, akamwendea mzee mmoja wa suti, mtu wa heshima zake, akamnyakua nywele! "Wigi, Fundi! Lilikuwa wigi! Mke wake amekaa kando yake naye anashangaa kama sisi!" Kunguru akatua juu ya makasha ya mizigo na wigi lake, anawatazama. Rubani mwenyewe akatoka na blanketi. Mhudumu akapanda kitini. Bibi mmoja akamwita kunguru kwa biskuti na sauti ya kubembelezea mtoto, na kunguru akasikia! Katika purukushani simu ya Vioja ilichomoka mkononi ikaingia chini ya viti, mhudumu akaiokota akaizima akaiweka mfukoni, ndiyo kwanza amemrudishia. "Wametushusha wote, sasa wanatupandisha tena. Naruka, Fundi! Mwambie Mama naruka!" Akakata.

"Mama," nikasema, "ni kunguru! Kunguru aliingia akaiba wigi!"

Mwalimu akaiweka sindano chini. "Basi angesema kunguru," akasema. Akainuka, akaingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo, akakaa huko muda mrefu. Mteja mmoja alitaka kujaribu blauzi yake, nikamwambia aje kesho.

Vioja akaruka, akafika, akarudi kesho yake. Alitapika mara moja tu, wakati wa kutua, tena kwa adabu ndani ya mfuko. Alirudi amesimama wima kama mtu aliyetoka kuhitimu. Tulikula chakula kisichoungua siku hiyo kwa sababu nilipika mimi, na yeye alikuwa anaonyesha kwa sahani na vijiko jinsi mawingu yanavyokaa ukiyatazama kwa juu.

Furaha hiyo haikufika mbali. Mkuu akamwita. Watu walikuwa wamejazana uwanjani siku ile wakilia, malango yakafungwa, wakubwa wa uwanja wamelalamika, na kituo kimetakiwa kuomba radhi. Kipindi ndio basi. Vioja aliniambia twende pamoja, asije akalia peke yake. Tulipotoka mlangoni tukamkuta Mwalimu anatusubiri barabarani, amevaa gauni lake la sherehe na viatu vya kufunga. Hakuna aliyemwalika.

Ofisi ya mkuu ina feni, kapeti na kiti cha kuzunguka. Mkuu alikuwa amekaa kwenye hicho kiti anazunguka kidogo kidogo. Alipomwona Mwalimu miguu yake ilisimama kabla yeye hajaamua.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa."

Akakaa, ndani ya ofisi yake mwenyewe. Kumbe alipita mikononi mwake shule ya msingi.

"Mwalimu, mimi sina ugomvi na dada," akasema mkuu. "Lakini mji mzima ulidhani ndege zimegongana. Alitamka vibaya. Alisema imeingia."

"Alisema ameingia. Nilikuwepo, mtaa ni shahidi."

Mkuu akashusha pumzi, akamwita fundi mitambo alete rekodi. Na rekodi haikuwa kama redio yangu. Ilikuwa safi, haina mkwaruzo hata mmoja. Sauti ya mke wangu ikajaa chumba kizima: "Jamani! Imeingia! Ndege imeingia ndani ya ndege!"

Imeingia. I! Hata kiziwi angeisikia. Vioja akafumba macho. Mimi nikaangalia kapeti, nikahesabu kimoyomoyo mshono wake.

"Rudisha," akasema Mwalimu.

Ikarudishwa. Imeingia.

"Mmesikia? Ameingia."

"Mwalimu, samahani..."

"Wewe nilikuketisha dawati la mbele kwa ajili ya masikio yako. Naona mpaka leo hayajapona. Rudisha tena."

Ikarudishwa tena. Imeingia, imeingia, mama yangu weee. Mkuu akamtazama Mwalimu. Mwalimu akamtazama mkuu, na nawaambia, sijaona mtu aliyekaa vile, mikono mapajani, mgongo haujagusa kiti. Hapo nje simu za mapokezi zilikuwa zinalia bila kupumzika. Fundi mitambo akakohoa akasema, "Bosi, ni wale wasikilizaji. Wanauliza tu kama yule mzee alilivaa tena lile wigi."

Mkuu akapangusa uso kwa kiganja.

"Ni ameingia, Mwalimu," akasema polepole. "Sasa naisikia."

"Basi kosa ni la waliosikiliza vibaya. Waombeni radhi kwa kuwa mmewawekea muziki badala ya maelezo. Na kesho mwenzio aendelee na kazi yake, watu wamsikie habari za huyo mzee."

Na ikawa hivyo. Vioja alitoka pale anaruka kama mtoto, ananipiga mgongoni, anapanga kwa sauti jinsi atakavyomweleza mzee bila kumvunjia heshima, na jinsi atakavyomwiga bibi wa biskuti. Tulipofika barabarani akapunguza mwendo. Akamtazama mama yake.

"Mama, mimi nilisema ime."

"Nilikusikia."

"Hapo ofisini?"

"Hata siku ile, kwa mumeo. Redio yake ni mbovu, masikio yangu si mabovu."

Nikasimama katikati ya njia. "Mama! Si ulituambia ni ame? Si ulituapia kuwa ni ndege wa manyoya?"

"Ningewaambia nini? Mtaa unalia, wewe unashona shati kwenye suruali. Nikaona heri mmoja wetu tu akae na hofu hiyo mpaka simu ilie." Akarekebisha mkoba wake begani. Kisha akamgeukia mwanawe, na sauti yake haikuwa ya darasani. "Maisha yangu yote nimeomba useme sawasawa. Siku ile nilikaa pale na sindano nikaomba uwe umekosea."

Vioja akamshika mama yake mkono, wakatangulia. Mimi nikabaki nyuma nikafunga kamba za viatu, na nilikuwa nimevaa kandambili.